Treni zilizozimia mchana: kisa cha Hornby Dublo katika maonyesho ya Kisumu

Jumamosi, saa 8 na dakika 20 mchana, katika ukumbi wa umma mjini Kisumu, treni ya mfano iliyokuwa ikizunguka tangu saa 4 asubuhi ilisimama kwenye kona ya mbali. Waendeshaji waliongeza volti. Ikajikokota nusu duara, ikasimama tena. Waliisukuma kwa kidole, kisha wakaitoa na kuweka injini nyingine, ambayo nayo ilizimia palepale kabla ya nusu saa kwisha. Uamuzi uliotolewa pale mezani ulikuwa kwamba injini zimezeeka, kwa kuwa zina zaidi ya miaka sitini.

Uamuzi huo ulikuwa na makosa, na ni makosa yanayofanywa kila mahali reli za zamani zinapoonyeshwa kwa umma. Kosa la kwanza halikuwa ndani ya injini hata moja. Lilikuwa kwenye njia, na kila hatua iliyochukuliwa ili kuzisaidia injini ilizidi kuziumiza. Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa kina kwa sababu vitu vya namna hii havitengenezwi tena, na injini iliyochemka hadi sumaku yake ikalegea hairudi hali yake kwa kupumzishwa.

Kilichokuwa mezani

Mfumo ulikuwa Hornby Dublo wa reli tatu, uliotengenezwa na Meccano Ltd ya Liverpool. Ulianza kuuzwa mwaka 1938, ukasimama wakati wa vita, ukarejea baadaye, na mwaka 1959 kampuni ikaanza kutoa reli mbili. Mwaka 1964 Meccano ilichukuliwa na Lines Bros, kampuni ya vinyago yenye chapa ya Tri-ang, na Dublo ikafikia mwisho. Nafasi kati ya reli za nje ni milimita 16.5, na kipimo ni milimita 4 kwa futi, yaani 1 kwa 76. Umeme wake ni volti 12 za mkondo mnyoofu, kama wa betri.

Umeme huo huingia kwa reli ya kati, ambayo imetengwa kwa vipande vidogo vya faiba, na hurudi kwa reli mbili za nje ambazo zimeshikana na kitako cha bati. Chini ya injini kuna viatu vya chuma vinavyoteleza juu ya reli ya kati na kuchota umeme. Uzuri wa mpango huu ni kwamba magurudumu hayahitaji kutengwa, na njia inaweza kujirudia yenyewe bila shoti. Ubaya wake ni kwamba behewa lenye magurudumu ya chuma likiacha njia, gurudumu linaweza kulala juu ya reli ya kati na ya nje kwa pamoja, na hapo shoti ni ya papo hapo.

Meza ilikuwa na bodi tatu za plaiwudi ya milimita 9, kila moja mita 1.2 kwa 1.2, juu ya fremu za saiprasi za inchi 2 kwa 1. Urefu kutoka sakafuni ulikuwa sentimita 90, unaomfaa mtoto wa miaka sita bila kumchosha mzazi mgongo. Juu yake kulikuwa na duara mbili ndefu: ya ndani yenye kona za nusu kipenyo cha milimita 381, ya nje milimita 438. Duara ya nje ilikaribia mita 7 na ilikuwa na viungio zaidi ya ishirini. Nyaya za kidhibiti mwendo ziliingia mahali pamoja tu kwa kila duara, kwenye stesheni, bodi ya kwanza. Nyumbani hilo linatosha, kwa sababu nyumbani treni huenda dakika kumi na kupumzika.

Injini zilikuwa nne: Duchess of Atholl, Sir Nigel Gresley, na mbili ndogo za aina ya N2. Kila injini kubwa ilivuta mabehewa matatu ya bati.

Dalili zilizoonekana na zisizosomwa

Kabla ya kusimama kwa saa 8, kulikuwa na ishara tatu. Kuanzia saa 6 na nusu treni ya nje ilikuwa ikipunguza mwendo kila ilipovuka kutoka bodi ya pili kwenda ya tatu. Kisha, upande wa nyuma, ilipovuka kurudi bodi ya kwanza, ilichomoka kwa ghafla kana kwamba imesukumwa. Waendeshaji walidhani sakafu ya ukumbi imeinama. Ishara ya tatu ilikuwa cheche za rangi ya buluu chini ya injini, ambazo watoto walizifurahia sana.

Treni inayochomoka mahali pamoja kila mzunguko haiambii habari za sakafu. Inasema kwamba hapo imeingia kwenye sehemu yenye volti nyingi kuliko ile iliyotoka. Mteremko hubadilisha mwendo polepole. Umeme huubadilisha kwenye kiungio kimoja. Ukiona hivyo, weka alama ya chaki ukingoni mwa bodi, mkabala na mahali hapo, usubiri mzunguko unaofuata. Ikichomoka penye alama ileile, tatizo umeshalipata kwa nusu.

Mita iliyosema ukweli usiosaidia

Mmoja wa waendeshaji alikuwa na mita ya fundi, na aliitumia. Alipima kati ya reli ya kati na ya nje kwenye kona ya mbali, bila treni kwenye njia. Ilisoma volti 12. Alipima stesheni: 12. Akahitimisha kwamba njia ni nzima, na hapo ndipo lawama zote zikahamia kwenye injini.

Mita haichoti mkondo wowote wa maana. Kiungio kilichooza kikabaki na nukta moja tu ya kugusana kitapitisha volti 12 nzima kwa mita, kwa sababu hakuna kinachovutwa kupitia kwake. Ni pale injini inapodai karibu ampea 0.8 ndipo volti zinapopotelea kwenye kiungio. Njia ya treni hupimwa ikiwa imebebeshwa mzigo.

Mzigo unaofaa unapatikana kwenye duka lolote la spea za pikipiki: balbu ya indiketa ya bodaboda, volti 12 wati 10. Ikipata volti 12 inavuta ampea 0.83, kiasi cha injini ya Dublo yenye mabehewa yake. Iunganishe nyaya mbili fupi, iguse reli ya kati na ya nje, na upime volti papo hapo balbu ikiwaka. Usichukue ile ya wati 21, kwa maana inavuta karibu ampea 1.75 na itaangusha kidhibiti cha ampea moja kabla hujasoma chochote.

Jioni ya Jumamosi, baada ya milango kufungwa, vipimo vya balbu kwenye duara ya nje vilitoka hivi: stesheni volti 11.6, katikati ya bodi ya pili, upande wa mbele, 10.9, mara baada ya kuvuka kuingia bodi ya tatu, 9.2; kona ya mbali, 8.8, na bodi ya pili upande wa nyuma, 8.5. Hatua moja zaidi, kuvuka kurudi bodi ya kwanza kwa nyuma, ikaruka hadi 11.5.

Soma mfuatano huo kwa utulivu. Duara inapaswa kulishwa kutoka pande mbili, kwa hiyo sehemu dhaifu zaidi ingekuwa katikati, kona ya mbali, na baada ya hapo volti zipande tena. Hapa ziliendelea kushuka hadi bodi ya pili nyuma. Maana yake ni kwamba kiungio kati ya bodi ya kwanza na ya pili kwa nyuma kilikuwa kimekatika kabisa. Ulimi wa reli ya kati haukuwa umeingia mahali pake tangu bodi zilipofungwa Ijumaa. Hakuna aliyegundua, kwa kuwa umeme ulizunguka kwa upande wa pili na kufika kote. Duara huficha kiungio kimoja kilichokatika. Inapoharibika ya pili ndipo unapoona, na ya pili ilikuwa pale kati ya bodi ya pili na ya tatu, ambapo volti 1.7 zilipotea kwenye nafasi isiyozidi upana wa kidole.

Kwa nini basi injini zilisimama konani na si nyuma, ambako volti zilikuwa chache zaidi? Kwa sababu ya kona yenyewe. Mabehewa matatu kwenye mpindo wa milimita 438 husugua reli na kudai nguvu zaidi. Injini ikidaiwa nguvu hupunguza mwendo. Ikipunguza mwendo huvuta mkondo zaidi. Mkondo ukizidi, volti zinazopotea kwenye viungio vibovu huzidi pia. Na injini hupunguza mwendo tena. Mzunguko huo hujilisha wenyewe hadi treni isimame.

Uchafu ulitoka wapi

Reli za Jumamosi asubuhi zilikuwa na utando mweusi ambao haukuwapo Ijumaa mchana. Vyanzo vilikuwa viwili, na vyote vinazuilika.

Cha kwanza ni mafuta. Kabla ya kufungua, kila injini ilitiwa mafuta kwa chupa yenye mdomo mpana, ili zisikauke kutwa nzima. Mafuta ya ziada yakatiririka kwenye magurudumu na viatu, na ndani ya mizunguko kumi yakawa yamepakwa njia nzima. Mafuta yenyewe huzuia umeme kidogo tu, lakini hunasa vumbi, na cheche huyageuza kuwa masizi. Masizi huleta cheche zaidi. Kiasi sahihi ni tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila ekseli na kila mwisho wa shafti ya mota, linalowekwa kwa ncha ya sindano, kisha injini iendeshwe dakika mbili kwenye kipande cha njia cha pembeni na ifutwe tumbo kabla haijaingia mezani. Gia ya skrubu hutiwa grisi laini, kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti. Mafuta ya kupikia hugandana. Vilainishi vya kupuliza vya mkebe hurukia komuteta, ile pete ya shaba iliyokatwa vipande ambayo brashi za kaboni huisugua, na kuichafua.

Chanzo cha pili ni cha ziwani. Ijumaa bodi zilipangwa hadi saa 2 usiku, madirisha wazi na taa zote zikiwaka. Wanaoishi Kisumu wanajua kinachofuata: sami, wale wadudu wadogo wanaoinuka kutoka Ziwa Victoria kama moshi na kufuata mwanga. Walianguka kwenye njia kwa mamia, na asubuhi treni ya kwanza iliwaponda. Uji wa sami uliochanganyika na mafuta ya cherehani ni gundi. Ukipanga meza usiku kando ya ziwa, funga madirisha yaliyo upande wa taa, na ufunike njia kwa shuka za pamba punde tu kazi inapokwisha. Usitumie nailoni, maana hewa ya Kisumu ina unyevu mwingi, na nailoni huufungia ndani hadi matone yanatua kwenye kitako cha bati. Kutu ya bati huanzia kwenye pindo na kwenye ndimi za viungio, sehemu ambazo macho hayafiki.

(Nakuru tatizo ni jingine. Huko hewa ni kavu zaidi, na upepo wa Januari na Februari huingiza vumbi jembamba hata dirisha likiwa limefungwa. Kifuniko kilekile cha pamba kinafaa, ila reli zifutwe kila baada ya saa mbili.)

Joto na sumaku

Kufikia saa 8 mchana, chini ya paa la mabati, hewa ukumbini ilikuwa ya moto kabla injini haijaongeza yake. Duchess ilikuwa imeendeshwa saa nne karibu mfululizo, kidhibiti kikiwa mwisho kabisa.

Mota ya Dublo ni rahisi: sumaku ya kudumu, kiini chenye koili kinachozunguka katikati yake, komuteta na brashi mbili. Sumaku ikidhoofika, mota huhitaji mkondo mkubwa zaidi ili kutoa nguvu ileile. Mkondo mkubwa ni joto. Joto, pamoja na mitikisiko na miaka, huidhoofisha sumaku zaidi. Duchess ilipopimwa ikiwa peke yake kwenye kipande safi cha njia, bila mabehewa, ilivuta ampea 1.1. Injini ya aina hiyo yenye afya inapaswa kuwa chini ya 0.8 hata ikiwa na mzigo. N2 mbili zilivuta 0.5 na 0.55, na Gresley 0.65. Kwa hiyo injini tatu kati ya nne zilikuwa nzima, zikilaumiwa bure.

Duchess ilikuwa dhaifu kweli, na udhaifu huo ungeonekana kwa kipimo cha dakika tano kabla ya kuondoka nyumbani. Hapa tuna msimamo thabiti: injini inayovuta zaidi ya ampea moja ikiwa tupu haipelekwi kuendeshwa mbele ya watu. Ipelekwe ikae kwenye rafu, itazamwe. Umbo lake la chuma cha kumimina ndilo wageni wanalolipenda, na hilo halihitaji umeme.

Wala mota isifunguliwe mezani ili kutafuta tatizo. Sumaku hizi za zamani hupoteza nguvu kiini kinapochomolewa katikati yake bila kipande cha chuma cha kuziba nafasi. Fundi mwenye nia njema anaweza kuiharibu injini kwa dakika moja, kisha akabaki kushangaa kwa nini imekuwa mbaya zaidi baada ya kusafishwa. Kinachoruhusiwa ukumbini ni kufuta komuteta kwa kijiti chenye pamba na spiriti, kukwangua masizi katikati ya vipande vyake kwa kijiti cha meno, na kuhakikisha brashi zinateleza bila kukwama.

Kuhusu kupima joto: vile vipimajoto vya paji la uso vilivyoenea wakati wa korona havifai, kwa sababu vimetengenezwa kwa joto la mwili na huishia karibu nyuzi 43. Tumia kidole. Ukishindwa kukiacha juu ya mwili wa injini kwa sekunde tano, itoe.

Kazi ya jioni ile

Reli zilifutwa kwanza. Kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi kilizungushiwa kipande cha mbao, kikalowekwa kidogo spiriti aina ya isopropili kutoka duka la dawa, na kupitishwa juu ya reli zote tatu hadi kikatoka cheupe. Soma lebo ya chupa kabla ya kununua, maana spiriti nyingine hutiwa mafuta ya mbarika ili zisikaushe ngozi, na mafuta hayo huacha utando uleule unaojaribu kuuondoa. Kitambaa kiguse kichwa cha reli tu. Mchoro wa kokoto uliochapwa kwenye bati ni nusu ya thamani ya njia hii, na spiriti inaweza kuufuta. Msasa haukutumiwa, kwa sababu mikwaruzo hukusanya uchafu. Sufu ya chuma haipaswi hata kuingia ukumbini: nyuzi zake huvutwa na sumaku, huingia kwenye mota, na hufunga shoti ndani ya koili.

Kisha viungio. Bodi zilifunguliwa, ndimi za reli ya kati zikabanwa taratibu kwa koleo ya mdomo mwembamba hadi zikaingia kwa kukaza, na kingo za vitako zikafutwa hadi bati likang'aa. Kiungio kilichokatika kilirudishwa mahali pake. Kumbuka kwamba ulimi wa umri huu hukubali kukunjwa mara chache. Ukiukunja na kuukunjua huku na huku utakatika.

Kazi iliyoleta tofauti kubwa kuliko zote ilikuwa nyaya. Mita 12 za waya wa nyuzi mbili, milimita za mraba 0.75, zilinunuliwa na kupitishwa chini ya bodi kama mshipa mkuu. Kutoka hapo kila duara ilipewa vilishio vinne zaidi, yaani nyaya fupi za kuingiza umeme kwenye reli: viwili bodi ya pili, mbele na nyuma, na viwili bodi ya tatu. Waya wa unene huo una upinzani wa takriban omu 0.025 kwa mita. Mita 5 kwenda na 5 kurudi ni robo omu, na kwa ampea 0.8 zinapotea volti 0.2 tu. Vilishio viliunganishwa kwa kutumia reli za Dublo zenyewe zilizotengenezwa zikiwa na sehemu ya kufungia waya, ili njia ya zamani isitobolewe wala kutiwa risasi ya kuunganishia. Mahali ambapo hazikutosha, risasi ilitiwa kwenye vipande viwili vilivyokuwa tayari vimeliwa na kutu.

Kati ya bodi na bodi panahitajika kiunganishi cha kuchomoa. Tumia vile vya spika au vya trela. Usitumie kamwe plagi ya pini tatu ya ukutani kwa waya wa volti 12, hata kama ndiyo iliyo karibu. Siku moja mtu atakayesaidia kupanga vitu ataiona plagi na soketi, naye atachomeka, na volti 240 zitakuwa kwenye reli ambayo mtoto ameishika.

Balbu ilirudishwa njiani saa 3 usiku. Stesheni volti 11.7, kona ya mbali 11.5, na bodi ya pili nyuma 11.4.

Stima ya ukumbi

Saa 9 na robo Jumamosi, mvua ya radi ilipoanza, stima ilipotea kwa dakika kumi na moja. Iliporudi, vidhibiti vyote viwili vilikuwa vimeachwa mwisho. N2 iliruka kutoka mahali ilipokuwa, behewa la nyuma likaacha njia, gurudumu likalala kwenye reli ya kati, na kikata-shoti cha kidhibiti kikajifungua. Hakuna kilichoungua, kwa sababu kidhibiti kilikuwa cha kisasa. Utaratibu ni mmoja tu na haupungui: stima ikipotea, mkono wa kwanza unaenda kwenye kidhibiti na kukirudisha sifuri, hata kabla ya kuwaeleza watu kilichotokea.

Vidhibiti vya asili vya Dublo ni vizuri sana kwa macho. Waya wao wa umeme umefunikwa kwa mpira ambao kwa umri huu umekauka na kupasuka. Mbele ya umma vinawekwa rafuni, waya umekatwa kabisa, si kuchomolewa tu. Kidhibiti cha kazi kitoe mkondo mnyoofu uliotulia, chenye kikata-shoti chake. Epuka vile vya kisasa vinavyotuma umeme kwa mapigo ya haraka, maana mota hizi za zamani hunguruma na kuchemka navyo. Upande wa ukuta weka fyuzi ya ampea 3 kwenye plagi na kikata-umeme cha mvujo cha miliampea 30, ukibonyeze kitufe chake cha majaribio kila asubuhi. Kebo ya kurefusha ikunjuliwe yote, ipitishwe chini ya meza na si mbele yake.

Kitufe cha watoto

Wazo la kumpa mtoto kitufe cha kubadili pointi, ile reli inayopindisha treni kwenda njia nyingine, ni zuri na tunalitetea. Lakini kitufe kilichounganishwa moja kwa moja na transfoma kiliunguza koili moja kabla ya saa 5 asubuhi. Koili ya pointi imetengenezwa kupigwa kwa sehemu ya sekunde. Mtoto hubonyeza na kushikilia, na ana haki ya kufanya hivyo. Kifaa ndicho kinachopaswa kumvumilia.

Dawa yake hugharimu kidogo na vipuri vyake viko kwenye duka la kawaida la elektroniki: dayodi moja ya 1N4001, kapasita mbili za mikrofaradi 2200 zinazostahimili volti 35, zikiwa sambamba, na rezista ya omu 100 ya wati 10. Transfoma ya volti 16 hupitia dayodi na rezista kuzijaza kapasita hadi karibu volti 22, na kitufe huzimwaga kwenye koili kwa mpigo mmoja wenye nguvu ya takriban joule 1. Mtoto akishikilia kitufe, kinachobaki kupita hakizidi ampea 0.22, na koili haitachemka. Rezista ndiyo itakayopata joto, ndiyo sababu isiwe ndogo, wala isilale juu ya mbao. Pointi hurudi kuwa tayari baada ya sekunde chache.

Jumapili

Ratiba mpya ilibandikwa nyuma ya meza: kila injini dakika 20 njiani, dakika 40 kwenye kitambaa, mabehewa matatu kwa Gresley na mawili kwa kila N2. Duchess ilibaki rafuni. Reli zilifutwa saa 4, saa 6 na saa 8. Watu wanne waligawana kazi: wawili kwenye vidhibiti, mmoja mbele akiongea na wageni, mmoja akipumzika. Anayeendesha hapaswi kujibu maswali, kwa sababu macho yake yakihama ndipo behewa linapoacha njia. Kamba ilisogezwa hadi sentimita 60 kutoka ukingoni, na ubao wa plastiki angavu wa sentimita 15 ukawekwa kuzunguka meza. Hakuna treni iliyosimama yenyewe kuanzia kufungua hadi saa 11 jioni.

Anayesimama mbele ajiandae kwa swali moja atakaloulizwa kutwa nzima, hasa na wazee waliofanya kazi relini: kwa nini treni hizi ni za Uingereza, ilhali reli ilifika hapa Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, tangu Desemba 1901? Swali ni la haki na lijibiwe kwa vipimo. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja kati ya reli na reli. Kwa kipimo cha 1 kwa 76 mita moja ni milimita 13.2, na Dublo ina 16.5. Hata Waingereza wenyewe hapa wamepunjwa, maana reli yao ya milimita 1435 ingehitaji karibu 19. Kisha mweleze kuhusu Garratt, injini kubwa za mvuke za daraja la 59, zile 34 zilizojengwa na Beyer Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja ingekuwa na urefu wa sentimita 42 mezani, zaidi ya nusu kipenyo cha kona ya ndani. Mzee aliyeziona zikifanya kazi ataendelea na mazungumzo mwenyewe, na umpishe kiti. Mount Gelai, namba 5918, bado iko kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi kwa atakayetaka kuwapeleka watoto.

Kufunga mizigo kulichukua saa mbili. Injini zilifutwa mafuta, zikaviringishwa kwenye karatasi laini isiyo na asidi, na kuwekwa na vifuko vya jeli ya silika kwenye masanduku ya mbao. Magazeti hayafai, kwa sababu wino na unyevu wake hushika rangi. Sehemu za kumimina za kabla ya vita zikaguliwe kwa taa wakati huo huo: nyufa nyembamba kama unywele na uvimbe kwenye pembe ni dalili ya aloi ya zinki iliyochanganyika na risasi kiwandani, ugonjwa usiotibika ambao unyevu wa ziwa huuharakisha. Kipande chenye dalili hizo kitengwe kwenye sanduku lake, na jina la injini, tarehe ya ukaguzi na ampea ilizovuta viandikwe kwenye kadi juu ya kila kifuniko.